Kidole cha Kanali

Sura ya Kumi

Mkasi ulikuwa ule ule wa kukatia nyuzi za machela, vile vitanda vya kuning'iniza, na asubuhi hiyo Nubia alikuwa ameunoa mwenyewe juu ya jiwe la kufulia. Kasuku alikuwa mkononi mwake wa kushoto, amefungwa kwenye taulo kama mtoto mchanga, kichwa nje na mguu mmoja nje. Kile kidole kilichotakiwa kuondoka kilikuwa chembamba kuliko njiti ya kiberiti.

"Tulia, mwanangu," Nubia alimwambia. "Ni mara moja tu. Hata hutasikia."

Ulikuwa uongo, na yule ndege alimtazama kwa jicho moja kama anayeujua.

"Unasubiri nini?" mama yake, Doña Candelaria, aliuliza kutoka kitandani. Mlango wa chumba chake haukuwa na pazia, naye aliona kila kilichotokea uani. "Kata basi. Basi la mchana halimsubiri mtu."

"Mama, niache."

"Nimekuacha. Mkasi ni wako, ndege ni wako, mwanaume ndiye sijui ni wa nani."

Evenor alikuwa anarudi leo. Habari ilipita kwenye simu ya dukani kwa Doña Pura, na Doña Pura, ambaye hajawahi kumnong'oneza mtu kitu, aliipaza barabara nzima: "Nubia! Mtu wako anakuja! Kasema umwandae Kanali!"

Hakusema Nubia naye ajiandae. Alimtaja ndege tu. Nubia aliliona hilo tangu jana, akalikunja akaliweka pembeni, kama mtu anavyoweka nguo yenye doa asilotaka kulitazama.

Na mtu akitaka kujua mwanamke mwenye akili zake timamu anafikaje mahali pa kumshikia kasuku mkasi, basi arudi nyuma kwenye soko la mji wa Masaya, siku za kukaribia Juma Kuu, msimu ambao watoto wa chocoyo, hawa kasuku wadogo wa kijani, hushushwa kwenye mashimo ya miti na kuletwa mjini kwenye makreti. Wakubwa wa soko wanasema biashara hiyo ni marufuku. Kila mwaka huja siku moja na virungu vyao, wakachukua makreti, na kesho yake ndege wale wale wanauzwa upande wa pili na shemeji zao.

Siku hiyo Nubia na Evenor walikuwa wameshikana mikono hadharani kwa mara ya kwanza. Evenor alikuwa na siku chache tu kabla ya kuvuka mpaka kwenda Kosta Rika kwenye mashamba ya mananasi.

"Chukua huyu, mrembo," mzee Toribio, muuza ndege, alimwambia Nubia, huku akimnyanyua mmoja mwenye kisogo cha njano. "Huyu si chocoyo. Huyu ni mtoto wa wale kasuku wakubwa. Akikua atahubiri kumshinda padri."

Nubia alilamba kidole, akamfuta ndege kisogoni. Kidole kikarudi cha njano.

"Umempaka rangi ya nywele, Don Toribio."

"Ni jasho lake."

"Jasho la njano?"

"Ana homa ya manjano, masikini."

Evenor alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha kicheko kikaisha lakini macho yakabaki pale pale usoni kwa Nubia, na Nubia akahisi joto likimpanda kutoka miguuni. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama hivyo. Alikuwa mwanamke wa kusuka machela na kumbeba mama, watu walimtazama kama wanavyotazama meza.

"Wewe ndiye wa kuchagua," Evenor alisema. "Mimi ningenunua huyo wa njano na ningemshukuru."

"Usimchukue anayekuja mkononi bila matata," Nubia alimfundisha kwa sauti ya chini, wakiwa wameinama bega kwa bega juu ya kreti. "Mpole amenyweshwa pombe ili ashike adabu. Kesho pombe ikimtoka, anakufa. Chukua anayeuma. Mwenye hasira ndiye atakayeishi, na ndiye atakayesema."

Akaingiza mkono. Mmoja akamrukia na kumng'ata mpaka damu ikatoka.

"Huyu," Nubia alisema, machozi yakimlengalenga, na wote wawili wakacheka tena.

Ndege huyo alikuwa na kasoro. Kidole cha nje cha mguu wa kulia hakikuwepo, panya walikitafuna ndege akiwa bado kiotani. Toribio akapunguza bei bila kuambiwa, akawapa na mawaidha juu yake.

"Mlisheni mkate wa mahindi uliolowekwa kwenye kahawa. Ndizi, mpeni. Embe, mpeni. Parachichi, hata chembe! Linamuua kabla hujageuza shingo."

"Kila mtoto wa Masaya anajua hilo," Nubia alisema.

"Basi mwambie na mtu mzima," Toribio alijibu.

Walimwita Kanali, kwa sababu aliamrisha watu wote na hakufanya kazi yoyote. Na pale kituo cha mabasi Evenor alimshika Nubia uso kwa viganja viwili, akamwambia maneno ambayo Nubia aliyala kama chakula siku zote zilizofuata.

"Mfundishe jina langu. Nikirudi nikimkuta hai, ananiita, nitajua na mimi nilikuwa hai ndani yako. Nikikuta amekufa, sitakuuliza kitu, nitajua."

"Na wewe utaniletea nini cha kukujua?"

"Mimi nitajileta mwenyewe."

Ndivyo wanavyosema wote kituoni. Lakini alikuwa na macho mazuri, na basi likaondoka.

Nubia alimlea Kanali jinsi ambavyo hakuna mtoto wa mtu aliyewahi kulelewa mtaa ule. Alimpunguza manyoya ya mabawa ili asipeperuke, akamtafunia mkate kabla ya kumpa. Kila alfajiri, kabla hajalifunua tundu, aliinama karibu na kitambaa na kusema, taratibu, kwa sauti aliyomwekea mtu mmoja tu duniani: "Evenor, njoo." Ndege hawa hujifunza gizani, na hujifunza kwa sauti ya yule wanayempenda. Maneno mawili hayo aliyasema mpaka mama yake akaanza kuziba masikio kwa mto.

Doña Candelaria hakumtaka Evenor, wala hakulificha jambo hilo. Aliwahi kuvunjika nyonga, na madaktari wa hospitali kubwa waliiunga kombo, wakamwambia ashukuru Mungu, wakaenda zao kula. Tangu hapo alitembea kwa kushika ukuta, na baadaye ukuta nao haukutosha. Mikono yake yote miwili, wa kulia na wa kushoto, ilikuwa Nubia.

"Akikuoa utaenda naye," alikuwa akisema. "Na mimi nitamwita nani? Ndege?"

"Nitakuchukua, mama."

"Hakuna mwanaume anayeoa mwanamke na kitanda cha mama yake juu."

Mwenye nyumba ndiye serikali ya nyumba, na serikali ya Doña Candelaria haikuwa na bunge.

Asubuhi moja Nubia alifunua kitambaa akamkuta Kanali chini ya tundu, miguu juu, ule wa vidole vitatu umekunjika kama ngumi. Siku hiyo alipiga magoti sakafuni mpaka jua likafika mlangoni. Alijilaumu. Alidhani jana yake jioni alimsahau barazani upepo ukampiga. Alijipiga kifua, akasema, "Nimemuua mwenyewe, mama, nimemuua mwenyewe," na mama yake alimtazama, akamwambia anywe kahawa.

Hakuthubutu kumwambia Evenor. Simu zenyewe zilikuwa zimeanza kuwa chache, na kila ikilia alikimbia mpaka dukani akihema, akasikia, "Kanali hajambo?" na yeye akajibu, "Hajambo." Msimu uliofuata alirudi kwa Toribio peke yake, akaingiza mkono, akang'atwa. Akaanza upya. Kitambaa, giza, mkate wa kahawa, "Evenor, njoo." Ndege wa pili akajifunza haraka kumshinda wa kwanza, labda kwa sababu safari hii sauti ilikuwa na njaa zaidi.

Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa mguu wa kulia. Mguu wa kulia ulikuwa na vidole vyote.

Kwa hiyo mkasi.

Nubia alifungua meno ya mkasi, akakitia kidole katikati. Yule ndege, ambaye aliuma kila mtu mtaani na alikuwa na nafasi nzuri ya kumuuma hata yeye, aliinamisha kichwa kwenye dole gumba la Nubia, akafumba jicho, akasema kwa sauti ya Nubia mwenyewe, ile ya alfajiri:

"Evenor, njoo."

Mkasi ulianguka juu ya jiwe.

"Umeshindwa," Doña Candelaria alisema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa na kitu kama furaha. "Hata hivyo mwanaume gani anaangalia miguu ya ndege? Nenda kaoge. Unanuka jasho."

Evenor alifika jua likiwa utosini. Alikuwa amenenepa kidogo na buti zake zilikuwa mpya. Nubia, ndani ya gauni lenye maua madogo, alikwenda mlangoni kumpokea. Alikuwa ameuwazia mlango huu hivyo hivyo, na jua hivyo hivyo. Katika mawazo yake Evenor alikuwa anamkumbatia kwanza.

"Habari za mchana, Doña Candelaria," Evenor alisema kuelekea chumbani.

"Zilikuwa nzuri," mama alijibu.

"Evenor," Nubia alisema.

"Nubia." Alimbusu shavuni, kama wanavyobusiana watu msibani. "Umekonda."

"Nilikuwa nasubiri. Kusubiri hakunenepeshi. Nimekupikia nyama ya nguruwe na muhogo, kama unavyopenda. Kaa."

"Nitakaa. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Kanali."

Nubia alitaka kusema, Mimi ndiye niko hapa. Badala yake alikwenda kulitoa tundu kivulini. Na ndege, kwa uaminifu wote ambao binadamu huwanyima wenzao, alipanda juu ya kijiti, akajitikisa, akasema, "Evenor, njoo. Evenor, njoo."

Uso wa Evenor ulibadilika. Kwa muda mfupi Nubia alimwona yule wa sokoni, aliyeshika nguzo kwa kicheko. Amekwisha rudi, alijiambia. Amekwisha rudi.

Kisha Evenor akafungua tundu. Aliingiza mkono, akang'atwa, hakujali. Akamgeuza ndege chali, akamshika mguu wa kulia, akauinua kwenye mwanga.

Alihesabu.

"Huyu si Kanali," alisema.

"Evenor, nisikilize."

"Huyu si Kanali, Nubia. Huyu ana vidole vyote."

"Kanali alikufa. Nilikosea, nilimwacha kwenye upepo. Niliogopa kukwambia. Nilimtafuta mwingine, nikamfundisha upya, neno kwa neno. Umemsikia mwenyewe! Ameliita jina lako kwa sauti yangu. Ungetaka nini zaidi?"

"Ningetaka ukweli."

"Ukweli ni kwamba nilikusubiri."

"Nitajuaje?" Evenor alimrudisha ndege tunduni, akafunga mlango wa waya taratibu. "Kila nilipopiga simu ulisema hajambo. Kama umeweza kunibadilishia ndege na sauti yako haikutetemeka, mimi nitajuaje umebadilisha na nini kingine?"

Nubia alifungua mdomo kujibu. Ndipo alipomtazama vizuri. Mabega ya Evenor, ambayo yaliingia mlangoni yakiwa yamepanda mpaka masikioni, sasa yalikuwa yameshuka. Alikuwa anapumua vizuri. Alikuwa na sura ya mtu aliyejipapasa mifukoni safari nzima, sasa ameupata ufunguo.

"Umefurahi," Nubia alisema.

"Nini?"

"Ulipohesabu. Nimekuona. Umefurahi."

"Usinigeuzie maneno, mwanamke."

"Uliomba njia nzima, sivyo? Uliomba umkute amekufa. Na alipokuita ulipata hofu, ukamshika mguu, ukakuta vidole, ukashukuru." Alisogea karibu naye mpaka akanusa sabuni ambayo hakuijua. "Anaitwa nani?"

Evenor alitazama buti zake mpya.

"Anaitwa nani, Evenor? Mimi nimekuita kila siku ya Mungu, wewe huwezi kumtaja mara moja?"

"Yesenia."

"Mna mtoto?"

"Wa kike." Akameza mate. "Sikupanga, Nubia. Kule mtu anarudi shambani mgongo umevunjika, mabosi wanamkata mshahara kwa kila tunda lenye doa, analala kwenye bweni kama ng'ombe. Mtu akikupa sahani ya moto..."

"Na mimi nimekupikia nini?"

Sufuria ya nyama ilikuwa pale pale, mfuniko ukitikisika.

"Ungepiga simu," Nubia alisema. "Duka lipo. Ungesema, nimeoa, usinisubiri. Ningelia siku zangu, yakaisha. Kwa nini ulikuja mpaka hapa, ukakaa ndani ya basi njia yote ile, uje uniambie mimi ndiye mwongo?"

"Nilikuahidi kwamba ndege ndiye atakayesema."

"Amesema. Umemsikia alivyosema."

Evenor alichukua kofia yake. Mlangoni aligeuka, na pengine alitaka kusema samahani, lakini alichosema ni hiki: "Ungekuwa mkweli tangu mwanzo, labda ningerudi mapema." Alijua si kweli. Alimwachia tu, kama mtu anavyotupa kichungi cha sigara uani kwa wengine, ili mwenye nyumba aokote.

"Evenor, njoo," ndege alisema.

Alivuka geti. Hakukimbia, lakini hatua zake zilikuwa ndefu.

"Evenor, njoo. Evenor, njoo."

Nubia alisimama mpaka buti zile zikawa hazisikiki tena. Hakulia. Alikwenda jikoni, akaepua nyama, akampakulia mama yake kama kila mchana, akamletea kitandani. Doña Candelaria alikuwa ameomba na parachichi, kama kila mchana, lilikuwa limekatwa vipande na kutiwa chumvi.

"Njoo ukae hapa, binti yangu," mama alisema. Alipigapiga godoro. Macho yake yalikuwa laini, na Nubia, aliyekuwa hana mahali pengine pa kwenda, alikaa, akaegemeza kichwa kwenye bega la mama yake kama alivyofanya alipokuwa mdogo. Mkono wa mama ukampapasa nywele.

"Ameenda na njia yake. Tumebaki sisi."

"Nilimuua mwenyewe, mama. Kama Kanali angekuwepo asingepata la kusema. Angekosa njia. Angeniambia mbele ya ndege, kwa aibu yake."

"Acha kujisumbua na huo upepo." Doña Candelaria alichukua kipande cha parachichi kwa vidole, akakila, akafuta mdomo. "Haukuwa upepo."

Nubia aliinua kichwa.

"Sasa naweza kukwambia, maana umejionea mwenyewe mtu gani alikuwa. Mimi nilimwona tangu siku ya kwanza. Siku ya kuamkia kifo chake ulienda kuuza machela, ukaliacha tundu hapa karibu na kitanda, tupige soga. Nilikuwa nakula chakula changu. Nikampa kipande kimoja cha hili." Alisema kama anayeeleza jinsi ya kupika wali. "Alilipenda! Yule aliyekuwa akiuma kila mtu, siku hiyo hakuniuma. Alikula mkononi mwangu, polepole, akanishukuru kwa kichwa. Nilijua ukimkuta utalia. Lakini mtoto analia, anasahau. Leo ungekuwa unapanda basi la Kosta Rika kwenda kulea mtoto wa Yesenia. Nimekuokoa. Siku moja utanishukuru."

Nubia alitazama sahani. Alitazama mkono wa mama yake, wenye mafuta ya kijani kwenye kucha. Kisha alisimama, akaichukua sahani mapajani mwa mama, akaiweka chini.

"Sijamaliza kula."

"Umemaliza."

Alitoka. Aliporudi alikuwa amebeba tundu. Juu ya kitanda cha Doña Candelaria palikuwa na ndoano ya chandarua, juu sana, hata mtu mwenye nyonga mbili nzima angehitaji kiti kuifikia. Nubia alipanda kiti, akalitundika tundu pale, akalikagua kama lilikaa sawa. Akashuka. Kiti akakitoa nje.

"Unafanya nini?"

"Ulisema tumebaki sisi. Basi atalala na wewe."

"Mtoe. Ananyea kitandani."

"Nitabadilisha shuka. Nimekuwa nabadilisha siku zote."

"Nubia! Mtoe! Sitaki kulisikia hilo jina!"

"Wanaishi sana hawa, mama. Shangazi Amparo alimrithi wake kwa bibi, na bado anatukana watu dirishani." Nubia alimrekebishia mto nyuma ya mgongo, vizuri, kama kila siku. "Huyu ni mdogo. Huyu atakuzika."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuletea nilichobakiza."

Alichukua sahani, akaenda nayo uani, na parachichi akawatupia nguruwe wa jirani. Tangu mchana huo halikuingia tena nyumba ile.

Alfajiri iliyofuata, giza likiwa bado chumbani, Doña Candelaria aliamshwa na sauti ya binti yake, changa na tamu, ikimbembeleza mtu kutoka juu ya kitanda. Aligeuza kichwa, akaita, "Nubia? Umeamka, mwanangu?"

Nubia alikuwa uani, mbele ya fremu yake, anasuka. Alisikia akiitwa. Alivuta uzi, akakaza fundo, hakujibu. Alimlisha mama yake siku zote, alimwosha, alimgeuza ubavu, na aliyomwambia yalikuwa simama, kaa, fungua mdomo. Sauti ile nyingine hakuitumia tena. Ilibaki kwa ndege, na Doña Candelaria aliyetaka kuisikia alilazimika kulala chali, macho juu, na kungoja.

"Evenor, njoo," ilisema. "Evenor, njoo."